Maandishi Yaliyozidi Kisanduku

Katika kundi letu la waandishi, anayechunwa ndiye anayemimina chai. Kuchunwa maana yake maandishi yako yamekwisha kusomwa kwa sauti, na sasa kila mmoja anakueleza alichokiona ndani yake. Wewe unashika termosi, unazunguka nyuma ya viti, unamimina, na huna ruhusa ya kufungua mdomo hadi kikombe cha mwisho kijae. Muzee wetu ndiye aliyeitunga sheria hiyo. Alisema mwandishi anayeweza kummiminia chai mtu anayemtukana, bila kumwaga hata tone, huyo amekomaa. Nilichojifunza mimi ni kwamba watu wakifurahi hawana kiu. Walikuwa wakifunika vikombe kwa kiganja na kusema, "Ngoja kwanza, niko naongea," nawe unabaki umesimama na termosi yako huku ngozi ikiendelea kutoka.

Muzee hakuwa mzee. Alikuwa na umri wa kaka yangu mkubwa, alifundisha Kifaransa katika shule moja ya sekondari, na mashairi yake yalikuwa yamesomwa redioni. Hilo lilitosha. Tulikutana Jumapili baada ya misa, katika chumba cha nyuma cha parokia, ambako sakafu ilikuwa mawe ya volkano yaliyosakafiwa kwa haraka, kiasi kwamba hakuna meza iliyotulia. Hakuna aliyetulazimisha kwenda. Nilitoka Mabanga, mtaa wa hapa Goma, kwa miguu, vumbi jeusi likipanda hadi magotini, nikiwa na hamu ya kuchunwa kama wengine walivyokuwa na hamu ya kuolewa. Tuliamini kwamba maneno mazuri hutoka mahali palipochubuka, na Muzee alikuwa hodari wa kuchubua.

Dada wa Kanyaruchinya alikuja msimu ule kambi za wakimbizi wa vita zilipokuwa zimejaa. Namwita hivyo kwa sababu wenzangu walimwita hivyo, kana kwamba kambi ndiyo iliyomzaa, ingawa alitoka upande wa Rutshuru na huko walikuwa na shamba la maharage na nyumba ya matofali. Alikuwa mwembamba, mtaratibu, na alikuwa na andiko moja tu. Aliliandika kwa kalamu ya bluu, akalisoma kwetu akiwa amesimama, mvua ikipiga mabati.

Lilikuwa hivi. Siku ya kukimbia, mama yake alimshika bibi mkono, kwa sababu bibi haoni. Yeye akabaki na mizigo miwili: mdogo wake wa kiume, ambaye bado hakuwa mtembezi mzuri, na mashine ya mama ya kushonea, ile ya chuma, ambayo ndiyo ingewalisha huko waendako. Hakuweza kubeba vyote. Basi alimweka mtoto chini kando ya barabara, akachukua mashine, akaenda nayo hadi pale ambapo bado aliweza kumwona, akaificha kwenye majani, akarudi. Akambeba mtoto, akampitisha mashine, akamweka mbele, akarudi kuchukua mashine. Hivyo hivyo, kwa zamu, mtoto na mashine, mashine na mtoto, hadi Kanyaruchinya. Aliitembea barabara ile zaidi ya mara mbili. Aliandika kila kituo: mti, daraja, duka lililovunjwa mlango, mahali mtoto alipoacha kulia kwa sababu alikuwa amekwisha kuelewa kwamba dada atarudi.

Alisoma hadi neno la mwisho, akakunja karatasi. Kisha Muzee akamwonyesha termosi.

"Mimina, mademoiselle."

Akaanza kumimina.

"Iko murefu," Muzee akasema. "Ile mashini inaenda, inarudi. Mutoto anaenda, anarudi. Mimi mwenyewe nasikia miguu inaniuma."

Mwanafunzi mmoja wa sheria, kijana mrefu aliyecheka kabla ya kila mtu, akashika usukani wa pikipiki hewani, akaongeza: "Juu ya nini hakupanda moto? Na mashini mbele, mutoto nyuma!"

Walicheka hadi meza ikacheza nao. Nilicheka na mimi, si kwa nguvu. Dada alizunguka na termosi. Muzee alifunika kikombe chake kwa muda mrefu, akaeleza kwamba msomaji si punda, huwezi kumtwika njia nzima, inatosha kumwonyesha kokoto moja. Mwishowe akaondoa kiganja, kikombe kikajaa, na dada akaruhusiwa kusema.

"Njia ilikuwa murefu hivo hivo," akasema. Akaketi.

Tulipotoka alinieleza kilichomleta. Mdogo wake alikuwa ameanza shule. Hakukumbuka chochote cha siku ile. "Mimi nataka siku atajua kusoma, asome yeye mwenyewe kama nilikuwa narudia. Kila mara nilikuwa narudia kumuchukua. Lakini karatasi kwetu haikae, dada. Mvua inaingia, ao mutu anawasha nayo moto." Alikuwa amesikia kwamba kundi letu litafungua ukurasa kwenye mtandao, na kwamba mimi ndiye nitakayeutengeneza. Kitu kilichowekwa huko, aliuliza, kinaloa?

Nikamwambia hakiloi.

Kazi ya kurasa nilijifunza kwenye cyber moja, duka la intaneti, mtaa wa Birere, kwa fotokopi ya kitabu cha Kifaransa kilichokosa kurasa za katikati, siku kurante, yaani umeme, ilipokuwapo. Zipo leo njia mpya za kupanga ukurasa, nyepesi, zenye akili. Lakini wasomaji wetu wangetumia simu za mkono wa pili, zile zinazouzwa Birere na kioo kilichopasuka, na nyingi hazikuzielewa njia hizo. Zangu zilikuwa mbili, zote za zamani.

Ya kwanza ni kuelea. Unakiambia kisanduku kielee kushoto, nacho kinakaa kushoto; kinachokuja baada yake kinajipanga kwa kufuata kilichotangulia. Kisanduku kikinenepa, vya nyuma vinasogea chini. Ni foleni ya bidoni, madumu ya plastiki, kwenye bomba la maji: bidoni kubwa ikiingia, zote zinasukumana, watu wanagombana, lakini hakuna bidoni inayokaa juu ya nyingine. Kuelea kuna uhuni wake. Usipokifungia kisanduku vizuri, sanduku la nje linadhani halina kitu ndani, linajikunja, na yaliyokuwa chini ya ukurasa yanapanda juu bila haya. Nilipoteza jioni nyingi kwa uhuni huo.

Ya pili ni absolu. Hapo unakipa kisanduku tarakimu: kutoka juu kiasi hiki, kutoka kushoto kiasi hiki. Kinabandikwa hapo na kutoka kwenye foleni. Hakijui jirani yake, na jirani hakijui. Ni yule mtu wa Birere anayeweka meza yake katikati ya njia, akasema hapa ni pangu. Ukurasa wa namna hiyo unapendeza sana siku ya kwanza. Kila kitu kiko pale mkono wako ulipotaka. Shida inakuja kitu kinapokua, kwa sababu hakuna anayempisha mwingine: maandishi yanamwagikia juu ya maandishi.

Muzee alikuwa amekwisha kuuchora ukurasa wake. Aliuchora juu ya katoni ya sabuni, kwa rula, visanduku vya ukubwa mmoja kama madirisha ya shule. Wapya aliwaweka juu, "kama kwenye foto, wafupi mbele," na shairi lake katikati kabisa, pale jicho linapotua. Kisanduku cha dada kilikuwa cha tatu kutoka kushoto. Chini yake tu ndipo lilipokuwa shairi la Muzee.

Niliipima katoni kwa macho, nikajua. Andiko la dada halingeingia. Lilihitaji urefu wa visanduku vingi.

Nikatengeneza kwa kuelea. Niliyafungia masanduku yote vizuri, nikajaribu kwenye simu ya mama yangu, kwenye simu ya jirani, kwenye simu yoyote niliyopewa kwa dakika chache sokoni. Andiko la dada liliteremka lote, kituo kwa kituo, mti, daraja, duka, na shairi la Muzee lilikuja baada yake, zima, chini. Ilibidi uteremke kwa kidole muda kidogo ili ulifikie.

Jumapili nikawaonyesha. Tuliazima mashine ya kuonyeshea picha ukutani, tukatundika shuka la parokia. Muzee alitazama visanduku vya juu, akatikisa kichwa kwa ridhaa. Kisha nikateremsha. Nikateremsha. Andiko la dada liliendelea kupita juu ya shuka, na mwanafunzi wa sheria akaanza kuimba polepole wimbo wa garimoshi.

"Mimi niko wapi?" Muzee akauliza.

"Uko unakuja, Muzee."

"Nakuja na miguu?"

Kicheko. Lilipotokea shairi lake, taa ya mashine ilikuwa imeanza kupepesa. Akalitazama kama mtu anayemkuta mgeni kitandani mwake.

"Madame Ordinateur," akaniambia. Bi Kompyuta: ndilo jina alilonipa siku hiyo. "Nilikupa plan. Juu ya nini umenitupa huku chini kama takataka ya soko?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa heshima, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa halali. Shairi lake liliihitaji absolu. Lilikuwa shairi la maneno yaliyotawanywa, moja huku, moja kule, na nafasi nyeupe katikati, na kuelea kungeyasogeza maneno yake na kuliua. Sikuwa nikikataa hilo. Nilimwambia kwamba njia mbili zinaweza kukaa nyumba moja: ukurasa wote uelee, na ndani yake shairi lipewe sanduku lake, na ndani ya sanduku hilo kila neno libandikwe pale alipolitaka. Sanduku litasogea na wengine, lakini ndani yake hakuna neno litakalotikisika. Nilikuwa nimelijaribu. Lilikuwa zuri. Bado naona kwamba ndilo jambo zuri kuliko yote niliyowahi kulitengeneza kwa mikono yangu.

"Ndani ya sanduku," Muzee akasema.

"Ndiyo, Muzee."

"Kama maiti."

"Hapana, Muzee, ni..."

"Na ile sanduku inasukumwa na nani? Na mashini ya kushona?"

Hapo hata mimi nikajua kwamba imekwisha. Mwanafunzi wa sheria alikuwa akifuta machozi. Dada alikaa karibu na mlango, mikono juu ya magoti, akitazama shuka, ambako maneno yake mwenyewe yalikuwa yamesimama katikati, makubwa, katika vumbi la mwanga.

"Akate," Muzee akasema, akimgeukia. "Mademoiselle, kata. Unabakisha robo."

"Nikate wapi?" dada akauliza. Aliuliza kweli. Alitaka kujua. "Nikitoa daraja, mutoto atavuka namna gani?"

Walicheka zaidi kuliko walivyocheka siku ya utani wa pikipiki.

Nilimimina chai siku hiyo, kwa sababu kilichochunwa kilikuwa changu. Nilimwaga.

Muzee hakubishana nami tena. Alichukua neno la siri la ukurasa, akalipeleka kwa fundi mmoja wa Birere, kijana mwenye kibanda cha kutengeneza simu, hodari, asiye na ubaya na mtu. Fundi alipewa katoni ya sabuni, akaitekeleza kama alivyoikuta. Kila kisanduku akakipa tarakimu zake. Alipoona kwamba maandishi ya kisanduku cha tatu yanamwagikia shairi la chini, alifanya kitu ambacho fundi yeyote mwenye haraka angekifanya: aliongeza amri ndogo kwamba kinachozidi kisionekane. Hakukata neno lolote la dada. Andiko lote lilikuwa bado mle ndani, zima. Ila mtu aliyelitazama aliona mwanzo tu, na chini yake ukingo safi.

Kwenye kioo kikubwa cha fundi, ukingo uliangukia mahali pazuri kidogo. Lakini hakuna mtu Goma anayesoma kwenye kioo kikubwa. Kwenye simu herufi hukuzwa ili zisomeke, maneno yanayoingia kisandukuni yanakuwa machache, na ukingo unapanda. Kwenye simu, andiko la dada liliishia hapa: *Nikamweka chini kando ya barabara. Nikachukua mashine ya mama. Nikaenda.*

Hapakuwa na nukta tatu, wala kitufe cha kuendelea. Ukingo tu, na chini yake, maneno ya Muzee yaliyotawanyika kama nyota, yakiwa mazuri.

Ukurasa ulisambaa. Muzee aliutuma kila mahali, na watu wetu, ukiwapa kitu cha mtu wanayemjua, wanapelekeana kabla hawajakisoma. Ulifika Kanyaruchinya kabla dada hajajua kwamba umefunguliwa. Alijulishwa na wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji. Mmoja aliisogeza bidoni yake mbali na ya dada. Mwingine akamwuliza, kwa upole wote, kama ile mashini ilifika salama.

Watoto ndio waliokuwa na kipaji. Alipopita kati ya mahema, walikaa wamechuchumaa, wakapiga miguu chini kwa haraka, wakifanya sauti ya mashine ya kushonea kwa ulimi: tukutuku, tukutuku, tukutuku. Mmoja aliigiza mtoto aliyeachwa, akalala barabarani na kunyoosha mikono. Dada alinieleza haya yote bila kupandisha sauti. Aliyaeleza kama alivyoandika, kituo kwa kituo.

Na mdogo wake alikuwa amesikia. Mwalimu wake alikuwa ameusoma ukurasa. Jioni mtoto alikataa kushikwa kifundo cha mguu alipooshwa miguu, akauliza: "Ni kweli uliniacha njiani, sababu ya mashini?"

"Nilimwambia nilirudia," dada akasema. "Akaniuliza, ile ya kurudia imeandikwa wapi?"

Jumapili iliyofuata alikuja mapema. Andiko lililotoka huchunwa mara ya pili, na mwenyewe humimina tena. Nilidhani atakuja kutulilia. Alishika termosi kabla hajaambiwa.

Muzee alikuwa na furaha. Alikuwa ameshika simu yake kwa mikono miwili kama kitabu cha nyimbo.

"Leo sitachuna," akasema. "Leo napongeza. Musikilize." Akasoma hadi ukingoni. *Nikaenda.* Akatuonyesha ukingo kwa kidole. "Voilà. Anaweka mutoto, anachukua mashini, anaenda. Point. Hakuna machozi, hakuna Mungu, hakuna kurudi. Ile ndiyo littérature. Telefone imekuwa mwalimu muzuri kuliko sisi bote."

"Inauma," mwanafunzi wa sheria akasema, na safari hii hakucheka. Alimaanisha. "Dada, sikujua kama uko mukali hivo."

Wengine wakakubali. Wakaanza kulipima lile neno la mwisho, kulisifu kwa ukavu wake, kulilinganisha na jiwe, na kisu, na mlango. Dada alizunguka nyuma yao. Alimimina vizuri. Mimi ndiye niliyetaka kusema kitu, nikasema kwamba huo si mwisho, kwamba tulisikia sote mwisho ulivyokuwa. Muzee akaniinulia kidole: si mimi niliyekuwa nikichunwa, na si mimi niliyekuwa nikimimina.

Alikuwa amefunika kikombe chake. Dada alisimama nyuma yake. Mvuke ulikuwa ukitoka kwenye mdomo wa termosi, karibu na shingo yake, na Muzee aliendelea kueleza jinsi ukatili unavyokuwa usafi. Aliongea. Aliongea hadi termosi ikaacha kutoa mvuke. Kisha akaondoa kiganja, na dada akamjazia chai iliyopoa.

"Muondoe," dada akasema.

"Nini?"

"Andiko langu. Muliondoe lote."

Muzee akamtazama kwa huzuni ya mwalimu. "Mademoiselle, hakuna kuondoa. Nikiondoa itabaki tobo, kama meno ya mutoto. Batu watasema nini juu ya kundi?" Akanywa, akakunja uso kwa ubaridi wa chai. "Utanishukuru."

Siku ya pili tulikwenda kwa fundi pamoja. Birere ilikuwa imejaa. Moto zilipita mbele ya kibanda zikipiga honi, na mtu alipaswa kusema kwa sauti ili asikike. Fundi alitupisha kwenye benchi, akaufungua ukurasa kwenye kioo chake bila kuuliza ruhusa kwa yeyote. Kwake ilikuwa kazi kama kubadilisha kioo cha simu.

"Ondoa ile amri ya kuficha," nikamwambia. "Tuone."

Akaiondoa. Andiko la dada likatoka lote, likamwagika kutoka kwenye kisanduku cha tatu, likalipanda shairi la Muzee, herufi juu ya herufi, hadi katikati ya ukurasa ikawa kama nyama ya kuungua. Huoni mtoto, huoni nyota.

Dada akainama karibu na kioo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akacheka. Alicheka kweli, mkono mdomoni.

"Iache hivo!"

"Dada, Muzee atanikata kichwa," fundi akasema.

"Siku moja tu."

"Hata saa moja. Na zaidi, angalia," akagusa kioo kwa bisibisi. "Haisomeke. Ya kwako pia haisomeke. Unaona mahali mutoto anarudia? Hata mimi sioni, na niko najua iko pale."

Alisema kweli. Kicheko kikamwisha usoni.

Nikamwuliza fundi kuhusu kuelea. Akanijibu kwa haki pia: ingebidi aubomoe ukurasa wote na kuujenga upya, na Muzee alikwisha kumwonya kwamba mwanamke mmoja atakuja na maneno hayo. "Ni wewe?" akauliza. "Alisema unapenda kusukuma batu."

Basi ilibaki kukata au kufuta. Nilimwambia kwamba ule ukurasa wangu bado ninao, kwamba ninaweza kuuweka mahali pengine, chini ya jina lingine, andiko likiwa zima, hata kesho. Aliniuliza nani angeusoma. Wale waliokwisha kusoma hawakuwa wakitafuta mwendelezo. Walikuwa wamepata walichokitaka.

"Futa," akamwambia fundi.

"Nikifuta tobo itabaki. Hakuna kitu itapanda kuziba. Hivi vyote vimebandikwa."

"Ibaki."

"Sawa, maandiko ni ya kwako," fundi akasema, akafuta. Ilichukua muda mfupi kuliko kupenga kamasi. Visanduku vingine havikutikisika hata kidogo. Vilikaa vilipokuwa, pande zote za weupe ule, kama watu kwenye benchi ya kanisa wanaomwona jirani yao akiinuka na kutoka na hawasogei.

Dada hakuja tena kwenye kundi. Mimi nilikwenda mara moja zaidi. Siku hiyo kulikuwa na mgeni, padre mmoja kutoka Butembo aliyependa mashairi, na Muzee alimpa simu yake aone ukurasa. Padre akateremsha kidole, akafika kwenye weupe, akasimama.

"Hapa hakuna kitu," akasema.

Muzee akaitazama. Nilimwona akielewa. Kisha akatabasamu. "Ni réseau, mon père. Mtandao ya hapa kwetu munaijua. Ngojea kidogo, itakuja."

Padre akangojea. Aliinua simu kuelekea dirishani, akaishikilia hapo, mkono umenyooka, mwenye subira. Mwanafunzi wa sheria akatazama vidole vyake. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemwambia.

Mwezi haukuisha kabla sijaenda Kanyaruchinya. Nilimpelekea dada andiko lake, nimelichapisha kwenye karatasi nzuri na kulitia ndani ya plastiki ili lisiloe. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka chini ya mkeka bila kulifungua. Nikamwuliza habari za mdogo wake, kama angalau sasa, baada ya kufutwa, ametulia.

"Mwalimu alimuonyesha kama haiko tena," akasema. "Alirudi nyumbani akaniuliza: kama ilikuwa bongo, kama haikuwa kweli, juu ya nini muliifuta?"

"Ukamwambia nini?"

Alikuwa akichambua maharage. Aliendelea kuchambua.

"Amehamisha mukeka wake," akasema. "Sasa analala upande wa mama."